Kofia ya Fiston na Miaka Yangu ya Stoo

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu zinaegemea upande mmoja kama watu wanaosubiri tramu kwenye upepo, na mkikuta neno limekatwa mara mbili, mjue nilianza kulikosea kabla ya hapo. Nilisoma mpaka darasa la sita, Buyenzi, Bujumbura, na tangu siku hiyo kazi zangu zote zimetaka mikono, hazikutaka kalamu. Binti yangu Zaina alitaka kunipigia haya kwenye kompyuta. Nilikataa, maana akianza kurekebisha maneno atarekebisha na mambo yenyewe.

Nawaandikia ninyi mliopokea funguo za stoo ya timu ya chuo, na ninyi mnaofundisha safu ya mbele sasa. Wengi wenu mama zenu ni wa Bukavu, Uvira au Bujumbura. Wale ambao Kiswahili chenu ni cha kusikia tu, mpelekeeni mama awasomee. Siku ya kuagana mliniomba neno, nami nikasimama pale nikala keki. Mkasema, Tonton Sele, mjomba wetu, na aibu yake. Haikuwa aibu peke yake, nitaeleza mwishoni. Neno lenyewe ni hili, limechelewa miezi minne, na sehemu kubwa yake inahusu kofia moja ambayo sikuipima.

Nilipofika Brussels nikiwa mkimbizi, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kufagia jumba la michezo la chuo. Niliipenda. Jumba lilikuwa kubwa, fagio lilikuwa pana, na hakuna aliyeniuliza kitu. Tangu utoto nilikuwa mtu wa aibu sana. Dukani nilinunua kilichokuwa mbele yangu ili nisilazimike kuuliza kilichokuwa nyuma, na kwa sababu hiyo nyumbani kwetu tulikula dengu nyingi kuliko tulivyopenda.

Mpira wa Kimarekani ulikuja chuoni na mzee mmoja aliyeitwa Wendell. Alikuwa Mmarekani mwenye kazi ya ofisini kule Evere, na ujanani aliucheza mchezo huu katika chuo cha kwao, kisha akaufundisha. Vidole vyake vilielekea kila upande, kila kimoja kilivunjika katika mechi yake. Aliwakusanya wanafunzi kama ishirini, akaomba uwanja, akapewa uwanja uliobaki baada ya kila mtu kuchagua wake. Kifaransa chake kilikuwa kibaya kama changu, kwa hiyo tulielewana upesi.

Kwanza alinipa kazi ya kuchora mistari ya chokaa. Aliniandikia namba kwenye karatasi: mia moja katikati, kumi na kumi pembeni. Nikachukua kamba, nikapima mita, nikachora vizuri kabisa. Sehemu ya mwisho iliingia kwenye shimo la mchanga la wanaoruka. Walicheza karibu saa nzima bila mtu kushangaa, mpaka kijana mmoja alipopiga mbizi na mpira akainuka na mchanga mdomoni. Wendell akautembea uwanja wote akihesabu hatua, akanitazama, kisha akaketi chini akicheka. Kumbe wana kipimo chao, yadi, kifupi kuliko mita. Nilichora upya siku ileile. Wanafunzi walisikitika, mchanga ule uliwafaa.

Wiki chache baadaye mazoezini akakosekana mtu mmoja. Nilikuwa napita na mabenchi mawili, moja kila kwapa. Wendell akaita, “Wewe, mwenye mabenchi!” Sheria za klabu ziliruhusu wafanyakazi wa chuo, ingawa nadhani walioziandika walifikiria maprofesa. Nikavaa yale mabega ya plastiki, nikayavaa nyuma mbele, na hakuna aliyeniambia kwa sababu walidhani nina sababu zangu. Nilicheza hivyo siku nzima. Kesho yake sikuweza kuinua mkono kuchana nywele.

Alinipa nafasi ya senta. Senta ndiye anayeinama juu ya mpira mbele ya wote na kuurudisha kwa mrushaji katikati ya miguu yake, halafu anazuia yeyote anayekuja. Hakuna nafasi inayomfaa zaidi mtu wa aibu. Uso unatazama majani. Mke wangu, Mama Zaina, alikuja kutazama mara moja tu.

“Baba Zaina,” aliniambia tukirudi, “ule mchezo wa kuinama mbele ya watu, na kijana wa Kizungu mikono yake iko pale nyuma. Mama yangu asiuone hata kwenye picha.”

“Ndiyo sheria ya mchezo.”

“Sheria ni yao. Picha ni zangu.”

Hakuna picha iliyofika Buyenzi.

Nilicheza miaka minne. Tulipigwa na karibu kila timu, na mechi nyingine mwamuzi mwenyewe alianza kutuhurumia. Lakini mwezi wa Ramadhani Wendell alivaa saa mbili, moja ya mazoezi na moja ya magharibi, na jua likizama alipuliza filimbi, wote wakasimama kwenye matope wakinisubiri nile tende tatu. Sijui kocha mwingine aliyesimamisha mazoezi kwa ajili ya tende.

Sasa nizungumzie kofia ngumu, ile ambayo hapa sote tunaiita casque. Wendell alinifundisha jioni, stoo, baada ya wengine kuondoka. Ndani ya kofia kuna mifuko ya hewa. Unaijaza kwa pampu yenye sindano, na sindano usiiingize kavu, itachana mdomo wa mfuko. Yeye aliilowesha kwa ulimi. Mimi nilitumia maji ya sabuni, na mifuko yangu imedumu kuliko yake. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi. Shika wavu wa uso, uvute kushoto na kulia. Ngozi ya paji iende pamoja na kofia. Ngozi ikibaki na kofia ikaenda, toa, anza upya. Kisha mtoe mtu nje kwenye baridi dakika kumi na umpime tena, maana hewa uliyoijaza kwenye joto la stoo hunywea uwanjani, na hapa kwetu Oktoba si mwezi wa kujidanganya. Bisibisi iwe mfukoni daima. Skrubu za wavu hushika kutu wakati umelala.

Jioni moja akanieleza kwa nini anajali hivyo. Chuoni kwao, zamani, kofia zikiwa ganda tupu na kamba ndani, rafiki aliyelala naye chumba kimoja aligongwa akaanguka, kofia ikamtoka. Wendell akaiokota, akaifuta tope, akamrudishia. Rafiki akacheza mpaka mwisho, wakashinda, wakabebwa mabegani. Baada ya hapo yule rafiki hakuweza tena kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho. Aliacha masomo. Mpaka anazeeka alianza kila kitabu, hakumaliza hata kimoja.

“Mimi ndiye niliyemuokotea kofia,” Wendell alisema. “Kwa hiyo nisikilize, Sele. Mtu akigongwa, usibishane naye. Atakushinda, maana yeye ana miaka ishirini. Chukua kofia yake. Bila kofia hakuna mwamuzi atakayemruhusu.”

Alirudi kwao mwaka uliofuata. Aliniachia pampu, na kasha la bati lenye kufuli.

Jinsi nilivyotoka kwenye fagio hadi ukocha wa safu ya mbele na ulinzi wa stoo sitaeleza. Barua ilikuja, nikaisaini. Ninachoweza kusema ni kwamba fagio sikuliacha. Sikuwa na maneno ya kufundishia, kwa hiyo nililishika fagio usawa wa kifua, na wachezaji wakawa wanaondoka chini yake bila kuligusa, ili wajifunze kuanza wameinama. Aliyeligusa alifagia stoo. Miaka ile stoo ilikuwa safi sana.

Mama Zaina naye alikuwa na kiti chake cha kusuka nywele katika Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wa Waafrika, kati ya duka la vitenge na kijana anayetengeneza simu. Wachezaji walipojua kocha wa safu ya mbele ameoa msusi, wakaanza kwenda kwake Ijumaa kabla ya mechi. Nikajifunza jambo ambalo Wendell hakunifundisha, kwani kwao halikuwepo: kichwa chenye misuko kinataka kofia nyingine. Unachukua ganda kubwa zaidi na hewa kidogo. Nilipima kila mtu mwanzo wa msimu na misuko yake kichwani, nikaandika jina ndani ya kofia, nikaitundika kwenye msumari wake. Nilijiona fundi.

Fiston alikuja akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi, mtoto wa Bukavu aliyelelewa Etterbeek na mama yake, Maman Béatrice. Alikuwa mkimbiaji, na misuko yake ilifika mabegani. Alisema bila kupumua. Ndiye peke yake aliyeweza kunichekesha.

“Tonton Sele, leo umesema maneno ngapi? Tatu? Bon, ingine uchunge, utatumia Jumapili.”

Baba yake alikuwa amebaki Bukavu. Hakuwahi kuuona mchezo huu, lakini kila mechi ikiisha Fiston alisimama stoo, karibu na mashine ya kukaushia, akampigia simu. Mzee hakuuliza nani ameshinda. Niliisikia sauti yake mara nyingi kwenye simu ile: “Umetoka na meno yote?” Fiston alijibu, “Zote, papa. Nikupe Tonton Sele akuhesabie?” Mara mbili nilisalimiana naye. Alinishukuru kwa kumtunzia mtoto. Hilo neno nililipokea kama watu wanavyopokea maneno ya heshima, bila kulibeba.

Msimu wa tatu wa Fiston timu ilifika nusu fainali kwa mara ya kwanza. Wiki hiyohiyo baba yake akafariki. Ilikuwa maradhi ya siku chache, na Fiston hakuweza kusafiri. Matanga yakakaliwa Etterbeek, nyumbani kwa Maman Béatrice, viti vikajaa mpaka kwenye ngazi. Alhamisi ilikuwa siku ya kunyoa. Mchana Fiston alipita Galerie, Mama Zaina akamfumua misuko yote kwa mikono yake, na jioni mjomba wake akamnyoa upara mbele ya watu, juu ya ndoo ya maji. Mimi nilikuwepo. Nilikaa karibu na ile ndoo, nikaona nywele zikishuka.

Nyumbani Mama Zaina akaniambia, “Nywele nilizofumua zimejaa nusu mfuko. Yule kijana kichwa kimebaki kidogo kama cha mtoto mchanga.”

Nikamjibu, “Mungu amrehemu baba yake.”

Someni tena hapo, ninyi wa stoo. Mke wangu ambaye hajawahi kushika pampu alinipa kipimo chote, nami nikamjibu kwa dua.

Jumamosi asubuhi tulidhani hatakuja. Akaja. Alisema baba yake alikuwa amemwuliza mechi ni lini, naye alimwahidi atacheza. Nikampa mkono kwa mikono miwili. “Pole sana, mwanangu.” Akainamisha kichwa kilichong'aa. Nikanyoosha mkono kwenye msumari wake, nikampa kofia. Wazungu wa timu walijua tu kwamba amenyoa. Mimi nilijua kanyoa lini, kwa nini, na nywele zilikuwa nyingi kiasi gani. Nilimpa pole badala ya kumpima.

Kwenye kupasha misuli nilimwona. Aligeuza kichwa, na kofia ikafuata baadaye kidogo. Akaisukuma nyuma kwa kiganja. Pampu ilikuwa mfukoni mwangu. Kati yetu palikuwa na hatua kama arobaini. Lakini kumwendea mfiwa mbele ya watu wote, nimvue, nimshike kichwa kilichonyolewa kwa ajili ya baba yake, nikitikise kama nazi? Niliona haya. Kwetu kichwa kile hakiguswi ovyo. Nikajiambia nitamshughulikia mapumziko, ndani, faraghani.

Mapumziko hayakufika. Katika robo ya pili alipewa mpira, akavunja kundi la kwanza, akakutana na mlinzi wao bega kwa kichwa. Kofia iligeuka, wavu ukawa sikioni, halafu ikatoka ikabingirika hadi kwenye mstari wangu wa chokaa. Fiston akainuka upesi. Alicheka, akapiga makofi, akaenda kukaa. Akaenda kukaa benchi la wageni. Wao wakacheka pia, mmoja akamshika mkono akamrudisha kwetu.

Kofia nilikuwa nimeshaiokota. Niliishika nyuma ya mgongo.

“Tonton, niko bien. Leta casque.”

Kocha mkuu wakati ule alikuwa Olivier, Mbelgiji, mtu mwema, ambaye mpaka leo hunitumia salamu za Idi siku moja kabla. Akaja mbio. “Anasema yuko sawa, Sele. Tunamhitaji. Macho yake yako sawa?”

Macho yake yalikuwa sawa. Nikatafuta swali. Sikuwa daktari, sikujua maswali ya madaktari. Nilijua moja tu ambalo hakuna mtu wa matanga anayeweza kulikosea.

“Fiston,” nikamwuliza, “baba yuko wapi?”

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. “Papa? Si eko Bukavu. Nitamupigia kisha match, kama kawaida. Leta casque, tonton, tunapoteza temps.”

Sijui kama mmewahi kusimama kwenye uwanja wenye kelele na msisikie kitu. Nikaenda kwenye kasha la bati, nikatia kofia ndani, nikafunga kufuli, nikakaa juu yake. Ufunguo nikauweka ndani ya soksi.

Hapo Fiston akawaka. “Mufagiaji weye! Nani alikuambia weye ni kocha? Ni match yangu! Ni ya papa!” Aliendelea kwa Kilingala, akamalizia kwa Kifaransa. Wachezaji wengine walikuwa wamesimama wanatazama. Olivier akaniambia, kwa upole, “Sele, fungua. Dakika tano tu, tumtazame anavyokimbia.”

Nikapiga kelele. “Hapana!” Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na uwanja wote ulielewa. “Hapana! Baba yake amekufa na yeye hajui! Ita ambulansi!” Hayo ya baba na ambulansi yalitoka nusu Kifaransa. Olivier aligeuka mweupe kuliko chokaa yangu. Aliita mwenyewe, kisha akaenda kwa mwamuzi akamwambia mechi itaendelea bila mkimbiaji wake wala yeye, akapanda gari la wagonjwa pamoja nasi. Tulishindwa nusu fainali. Kati yetu watatu hakuna aliyekuwa benchi kuona.

Hospitalini daktari alisema kuna damu kidogo imevuja ndani ya kichwa, watamlaza na kumtazama. Nikauliza kupitia kwa Olivier: kama angegongwa tena leo, ingekuwaje? Daktari alitingisha kichwa tu, akaendelea kuandika.

Maman Béatrice alikuja na kitenge cha msiba bado kiunoni. Mlango ulibaki wazi. Nilimsikia Fiston akimwuliza, “Maman, papa alipiga?” Kisha mama akamwambia. Alimwambia polepole, kama alivyomwambia mara ya kwanza mwanzo wa wiki ile, na mtoto akalia kama mtu anayesikia mara ya kwanza. Mwanamke yule alimzika mumewe mara mbili katika wiki moja, na ile ya pili niliileta mimi.

Alipotoka nilisimama ukutani. Nikamwambia bila kuzunguka, nikijua kwamba nikizunguka sitafika. “Mama, kofia ilikuwa kubwa kwa sababu amenyoa. Kazi yangu ni kuipima. Sikuipima. Niliona inacheza, nikaona haya kumgusa.”

“Ulikuwa siku ya kunyoa,” akasema. “Uliikaa karibu ya ndoo.”

“Ndiyo.”

“Alors ulijua.”

“Nilijua.”

Akakaza kitenge chake. “Na nani alimukatalia kurudia mu match?”

“Mimi.”

“Donc umefanya mambo mbili. Ile ya kukatala, Mungu akubariki. Ile ingine, bado nitafikiri.” Akavuta kiti kwa mguu. “Ikaa. Usisimame kama muntu mwenye anangoja bus.”

Tulikaa hapo mpaka wakatuambia amelala vizuri.

Fiston hakucheza tena. Alipoteza mwaka wa masomo, maumivu ya kichwa yalimsumbua, mwanga ulimsumbua, kisha taratibu yakapungua na akamaliza chuo. Mwaka ule wote hakuja stoo, na sikumlaumu. Nilikwenda Etterbeek kila mwisho wa wiki. Maman Béatrice alinipa chai. Hatukuongea mengi, jambo ambalo mimi naliweza.

Timu nayo ikapata desturi mpya, ile mnayoijua. Kabla ya kila mechi, hata kama tumepima jana, wote hupita mbele ya mlango wa stoo vichwa wazi, mmoja mmoja, nami nikawashika kichwa kwa mikono miwili kabla sijawavisha. Wapya walicheka, walidhani ni baraka ya kidini. Na mfiwa alipopita, nilimpa pole mikono ikiwa kichwani mwake. Nimegundua kwamba hakuna aliyechukia. Wengine walibaki pale muda kidogo zaidi ya ule ambao kipimo kinautaka.

Siku moja nilipita Galerie kumpelekea Mama Zaina chakula, nikakuta mtu kwenye kiti, misuko imefika nusu.

“Tonton Sele. Nasikia nilikutukana.”

“Ulinitukana vizuri. Kwa lugha tatu.”

“Nilisema nini?”

“Mfagiaji.”

“Lakini si ni kazi yako?”

“Tulia kichwa,” Mama Zaina akamwambia, “ama utatoka na njia imepinda.”

Akatulia. Akaniongelesha kupitia kioo. “Maman aliniambia swali uliniuliza. Ile ya papa. Ni swali mubaya, tonton.”

“Najua.”

“Mubaya sana.” Akainua macho tena kwenye kioo. “Continue kuiuliza.”

Nikamwuliza Fiston, mama yake anasemaje kuhusu lile la pili, la kutompima. “Anasema angali anafikiri. Unamujua.”

Aliendelea kufikiri miaka kumi na moja. Sasa nirudi kwenye keki. Siku ile ya kuagana, wakati ninyi mnatafuta kisu, Fiston aliingia na mama yake. Ninyi mlidhani ni jamaa zangu, mkawapa viti. Maman Béatrice hakukaa. Alikuja mpaka nilipo, mimi nikiwa na sahani mkononi, akaninyooshea mikono yake miwili akanishika kichwa, vidole viwili juu ya nyusi, kama mtoto wake alivyomfundisha. Akanitikisa kushoto na kulia. Ngozi ilienda pamoja na mikono.

“Bon,” akasema. “Imekaa.”

Halafu mkanyamazisha watu, mkaniomba neno. Ningesema nini? Nikala keki.

Pampu ya Wendell iko droo ya kushoto, imefungwa kwenye soksi. Sindano za akiba ziko kwenye kopo la chai. Kasha la bati kufuli lake linahitaji mafuta kila mwezi, na ufunguo wake msiutie kwenye pete ya funguo nyingine. Uwe peke yake, mahali ambapo mtu mwenye hasira hawezi kufikiria.

Nina ombi moja. Niandikieni. Matokeo msihangaike nayo, Zaina huniambia. Niandikieni jina la mtu mliyemnyima kofia na alivyowatukana, au la yule ambaye mlipaswa kumpima mkaona haya. Andikeni kwa lugha yoyote na mwandiko wowote. Mimi husoma polepole sana, kidole kwenye mstari, lakini ukurasa nikiuanza naumaliza.